Nyumba Isiyonuka Kitu

Mume wangu alihama nyumbani kwa sababu ya kabati. Ndivyo alivyosema yeye, na ndivyo nilivyowajibu watu walioniuliza, nikawaona wanavyojitahidi kutocheka. Mwanamume anahama kwa sababu ya mwanamke mwingine, au pombe, au uhamisho wa kazi. Majirani zangu wa Unyambwa ni Wakristo na Waislamu, watu wenye kuvumiliana, na wameshasikia mengi katika ndoa za watu. Kabati liliwashinda.

Lilikuwa kabati la MDF, yale mabao ya unga wa mbao uliogandishwa kwa gundi, lenye milango ya kuteleza na kioo kirefu katikati. Nililinunua mwenyewe nikiwa na akili timamu. Lilipoingia chumbani likaanza kutoa harufu inayochoma macho, na mume wangu, ambaye ana pumu tangu utotoni, akaanza kukohoa usiku kucha. Alfajiri moja nilimkuta amekaa ukingoni mwa kitanda, ameshika magoti, mabega yanapanda na kushuka, hewa haiingii wala haitoki, na kibomba chake cha dawa ya kuvuta kimeisha. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa maishani, na sioni aibu kuliandika. Tulifika hospitali midomo yake ikiwa imegeuka rangi ambayo sitaki kuitaja, mimi ninayezijua rangi zote.

Nazijua kwa sababu ninaziuza. Nina duka mjini Singida: rangi za maji, rangi za mafuta, vanishi, thina, brashi, msasa. Nachanganya kwa mikono yangu. Mteja akija na kipande cha kitenge akasema anataka ukuta wa sebule ufanane na lile ua la pembeni, namkorogea mbele ya macho yake na anaondoka akicheka. Wateja wananiita mama rangi, nami naitika. Duka hilo limesomesha watoto wetu wote, na nalipenda kwa namna ambayo wanawake wengine wanapenda kanisa lao au shamba lao.

Hospitali walimwambia akae mbali na vinavyomchokoza kifua: vumbi, moshi, harufu kali. Aliporuhusiwa alikaa nyumbani siku chache, akikohoa, kisha akafunga begi. Ni mwalimu wa shule ya msingi upande wa Ikungi, na kwao ni Issuna, kwa hiyo alisema atakaa kwa mama yake kwa muda. Kule ni karibu na shule, na nyumba ya mama yake ni ya udongo, haina kitu cha kiwandani.

"Ni hilo kabati tu, mke wangu," alisema. "Na makochi. Na zulia pia. Vitu vipya vipya hivi."

Alisema hayo akiliangalia begi, hakuniangalia mimi. Nilidhani ni uchungu wa kuondoka.

Mimi nina kasoro moja inayojulikana ukoo mzima: ukiniambia tatizo, sipumziki mpaka nimelimaliza, hata kama hujaniomba. Jioni ile ile niliapa kwamba nyumba yangu haitakuwa na kitu hata kimoja kinachonuka, na mume wangu atarudi. Kesho yake niliita dereva mwenye kirikuu, kijigari kile cha kubebea mizigo, nikamwambia apakie kabati, makochi ya sponji, zulia la plastiki, meza ya vioo, mapazia, luninga na godoro.

"Nivipeleke wapi, mama?"

"Popote. Nisivione tena."

Aliniuliza tena kama nina uhakika, maana makochi yalikuwa bado yana nailoni za dukani. Nikamwambia popote ni popote.

Kisha nikageukia kuta. Kuta za nyumba yangu zilikuwa zimepakwa rangi ya mafuta inayong'aa, kazi ya mikono yangu, rangi niliyoichanganya kwa kujivunia. Nilileta watu wakaikwangua yote. Vumbi lilitoka hapo si mchezo, nikatoka na nyusi za rangi ya maziwa ya mtindi. Nikapaka chokaa iliyokolezwa udongo mwekundu, ikatoka rangi ya uji wa ulezi. Nikaipenda mno, nikakasirika kwamba dukani kwangu hakuna rangi nzuri kama ile.

Viti nilitafuta vya asili, vya miti na ngozi ya ng'ombe iliyokazwa kwa juu. Mwenye kuniuzia aliapa kwamba ngozi imekauka. Haikuwa imekauka. Siku ya pili mbwa wa Unyambwa walianza kukusanyika mlangoni mwangu, wakalala barazani wakitazama ndani kwa heshima kubwa, wakisubiri. Nikitoka asubuhi kwenda dukani ilibidi niwapitie katikati, na wengine waliinuka kunipisha.

Godoro nikashona la pamba, pamba ya Mkalama kutoka kwa mkulima moja kwa moja, isiyopita kiwandani. Kutopita kiwandani maana yake ni kwamba mbegu zote zilikuwa bado zimo. Nililala juu ya godoro lile kuanzia masika mpaka yalipokatika, na mgongo wangu ulijua kila mbegu ilipo. Asubuhi nilikuwa na vijishimo mwili mzima. Lakini godoro halikunuka, na mimi nilikuwa nimeapa.

Habari zikafika kanisani. Jumapili moja mchana wazee watatu wa kanisa walikuja kusuluhisha ndoa. Waliwapita mbwa, wakaingia sebuleni, wakasimama. Hakukuwa na kochi, zulia, pazia, meza wala luninga. Kulikuwa na viti vya ngozi na kuta za udongo. Mzee mkubwa kati yao alivua kofia.

"Shikamooni," nikasema. "Karibuni mkae."

"Marahaba, mwanetu," akajibu kwa sauti ya msibani. "Kumbe alibeba vyote."

"Nani?"

"Mume wako. Hatukujua kama amefikia hatua ya kubeba na mapazia."

Nikamweleza kwamba hakubeba kitu, nimevitoa mwenyewe kwa sababu ya harufu. Wazee wakatazamana. Nikawaomba tena, kwa unyenyekevu, kwamba mzee yule wa pembeni aliyejipaka manukato akae nje barazani, kwa kuwa sitaki nyumba ishike harufu kabla mume wangu hajarudi. Alitoka, akakaa na mbwa. Waliobaki ndani waliniombea sala ndefu, na katika sala ile sikutajwa kama mke aliyeachwa, nilitajwa kama mgonjwa.

Kilichobaki kilikuwa kabati. Mwanamume akirudi lazima akute pa kutundika mashati yake. Nilikuwa naamini kabisa kwamba siku mashati yale yatakapoingia kabatini ndoa yangu itakuwa imesimama tena, na mpaka siku hiyo kila kitu kingine ni maandalizi. Nilinunua mbao za mninga, nikaenda kwa fundi seremala ninayemfahamu vizuri, kwa sababu vifaa vyake vyote anavinunua kwangu.

"Nipake vanishi ya rangi gani, mama?"

"Usipake vanishi."

"Rangi, basi?"

"Usipake rangi. Na usitie gundi. Chonga mbao ziingiane, ukaze kwa vigingi vya mti."

Akaweka randa chini. "Mama rangi, jana umeniuzia vanishi ukasema bila hiyo mbao haina maisha."

"Jana nilikuwa dukani. Leo niko nyumbani."

Alichonga, akinung'unika, akaniambia kwamba kabati lisilo na vanishi ni gogo lenye mlango. Nilimwagiza atoboe matundu madogo nyuma, mstari mmoja kwa chini, ili nguo zipate hewa. Nikasafiri hadi Iguguno, ambako kinamama wanauza asali kando ya barabara, nikanunua madonge ya nta. Haikuwa imechujwa sana, ilikuwa bado ina asali asali na miguu ya nyuki. Niliiyeyusha pamoja na mafuta ya alizeti, nikaisugua kwenye mbao kwa kitambaa mpaka mninga ukatoa ule wekundu wake. Hakuna vanishi duniani inayoleta wekundu ule, na nasema hivyo nikiwa muuza vanishi. Ndani ndiko nilikopaka kwa ukarimu zaidi, maana ndiko mashati yatakakokaa. Nikaliweka barazani juu ya matofali, mchwa wasilifikie, kivulini, likauke taratibu. Alizeti ilikuwa imechanua pande zote za mtaa.

Hapa inabidi niseme kwamba mimi ni binti wa mfuga nyuki. Nimezaliwa Iramba, kwenye boma lenye mizinga, na nilijua kabla sijang'oa meno ya utoto namna ya kumkaribisha nyuki. Unachukua mti mkavu ulio wazi ndani. Unaupaka nta. Unaacha matundu madogo. Unauinua kutoka chini, unauweka kivulini karibu na maua, halafu unaenda zako usiwasumbue. Nilifanya yote hayo kwa mikono yangu miwili, bila kuruka hata moja, halafu nikaenda zangu dukani.

Niliporudi jioni, mbwa walikuwa wameondoka wote. Nikafurahi. Nikasikia mngurumo barazani, nikadhani jirani amenunua friji. Kisha nikaona nyuki wanaingia kwenye matundu ya hewa mmoja mmoja, kwa utaratibu, kama watu waliohamia na kuridhika na nyumba.

Majirani walijaa, kwa mbali. Mmoja akasema nipulize dawa ya wadudu, mwingine akasema nichome mpira mlangoni wakimbie moshi. Niliwafokea. Miezi yote ile nimepigana kuondoa dawa na moshi ndani ya nyumba yangu, sasa niviingize kwa sababu ya wageni ambao hata sijawakaribisha? Jirani yangu wa ukuta, mama mwenye kauli, akasema labda niwaachie kabati, maana wao angalau hawajahama. Huyo nilimkumbuka kwa muda mrefu.

Mume wangu alikuwa amekubali kuja Jumamosi kujaribu kulala. Nikampigia.

"Usije kwanza. Kabati lina wageni."

"Wageni wa nani?"

"Nyuki."

Alicheka. Alicheka mpaka mwisho wa kicheko, bila kukohoa hata kidogo, jambo ambalo sikuwa nimelisikia kwa muda mrefu, nikafurahi na kukasirika kwa pamoja. Mama yake akachukua simu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ni nyuki wadogo au hawa wa kuuma?"

"Wa kuuma, mama."

"Umefungua mlango?"

"Sijafungua."

"Usifungue. Lilete hilo kabati huku."

"Mama, ni kabati la mashati ya mwanao."

"Mashati ya mwanangu yako salama. Wewe lete kabati."

Mama mkwe wangu amezeekea kwenye mizinga na hajawahi kukataa kundi la nyuki. Giza lilipoanza kuingia na nyuki wote wakiwa ndani, niliziba matundu kwa matambara na udongo. Nilivaa koti langu la dukani, lile la kazi, linalofika magotini na limeshika rangi mpaka limekuwa gumu, mwiba hauwezi kupita, sembuse nyuki. Nikafunga kichwa kwa kilemba cha dukani, nikavaa glovu za mpira. Alfajiri dereva wa kirikuu alifika amevaa helmeti ya pikipiki. Fundi seremala alisaidia kupakia, akiwa amejifunga shuka mwili mzima, na akasema tangu aanze kazi hajawahi kuona kabati linalopiga kelele.

Dereva aliendesha na helmeti yake kichwani. Mimi nilikaa kando yake na koti langu, madirisha wazi, kabati nyuma linanguruma kuliko injini. Njiani askari wa barabarani akatusimamisha.

"Mmebeba nini?"

"Kabati," dereva akajibu kutoka ndani ya helmeti.

"Ndani lina nini?"

"Nyuki."

Askari akatutazama, mimi kwenye koti langu la rangi mia na dereva kwenye helmeti yake. Ni wazi alishasikia majibu mengi ya kijinga barabarani na hakutaka kuongezewa. Akaenda nyuma, akaweka sikio kwenye mlango wa kabati. Alikaa hapo kidogo. Akarudi akitembea kwa tahadhari, amenyooka mwili mzima.

"Nendeni," akasema. "Nendeni polepole. Hapana. Nendeni haraka."

Tulipofika Issuna dereva akakata kona kuacha barabara kuu kabla sijamwelekeza. Akapita sokoni, akashika njia ya kushoto, akapinda tena kwenye uzio wa minyaa wa mama mkwe.

"Unapajua hapa?"

"Nimewahi kuleta mzigo."

"Mzigo gani?"

Helmeti ni kifaa kizuri sana kwa mtu asiyetaka kusikia swali.

Mama mkwe alikuwa anatungoja na wanaume wawili wa jirani. Walilibeba kabati mpaka nyuma ya uzio, wakaliweka juu ya mawe, na yeye mwenyewe, mama wa umri ule, akazibua matundu kwa mti mrefu akiwa amejitanda kanga moja tu. Nyuki wakatoka, wakazunguka, wakarudi ndani. Akapiga makofi madogo kwa furaha. Akaniambia niingie ndani nikapumzike.

Niliingia. Nyumba ya mama mkwe ni ya udongo, sakafu imesiribwa kwa samadi, ukuta mnene, dirisha dogo. Na katikati ya nyumba hiyo kulikuwa na makochi yangu. Nailoni zilikuwa bado zipo. Chini kulikuwa na zulia langu. Juu ya meza yangu ya vioo kulikuwa na kikapu cha mayai. Ukutani limesimama kabati langu la MDF na kioo chake kirefu, na ndani ya kioo kile nikamwona mwanamke mwenye koti gumu na kilemba cha thina, amefungua mdomo.

Mume wangu akatoka chumba cha ndani. Alikuwa amenenepa. Mashavu yalikuwa yamerudi, macho meupe, anatembea wima. Ukweli ni kwamba nilitaka kumrukia kwa furaha, lakini swali lilitangulia.

"Unalala wapi?"

Akaonyesha kochi refu.

"Kwenye kochi lililotaka kukuua?"

Dereva alikuwa mlangoni, helmeti mkononi sasa. "Mama, si ulisema popote? Nikampigia mwalimu. Akasema Issuna nako ni popote."

"Mama alikuwa anayatamani siku nyingi," mume wangu akasema. "Kabati lilinuka mwezi wa kwanza. Sasa limeacha."

Nikamsogelea. Sijui kama nilikuwa naenda kumkumbatia au kumchapa, nadhani vyote viwili. Akarudi nyuma hatua moja. Nikasogea tena. Nikaona mkono wake unapanda kifuani, nikaisikia ile filimbi nyembamba inaanza ndani yake, kikohozi kikaja, cha kwanza, cha pili, akatafuta kibomba mfukoni. Niligeuka kutazama kitu kilichomchokoza. Niliangalia kabati, lakini amelala nalo miezi yote. Niliangalia makochi, zulia, sakafu ya samadi, ukuta wa udongo. Hakuna kilichokuwa kimebadilika ndani ya chumba kile tangu asubuhi isipokuwa mimi nilikuwa nimeingia.

Mama mkwe akasimama mlangoni. Alitazama mwanawe, akanitazama mimi.

"Toka nje," akasema, si kwa ukali. "Vua hilo koti."

Nilioga nyuma ya uzio, kwa ndoo na sabuni ya kipande. Mama mkwe mwenyewe alinimwagia maji kichwani, akanisugua nywele kama mtoto aliyetoka kucheza matopeni, akanipa kanga zake. Mume wangu alikuwa amekaa kwenye jiwe, upande unaotoka upepo, na hewa yake imetulia. Nikakaa kwenye jiwe jingine, mbali naye.

"Umejua tangu lini?"

Hakujifanya hajaelewa. "Tangu kabla ya kabati."

"Kabla!"

"Jumapili duka likiwa limefungwa, jioni kifua kinafunguka. Jumatatu ukirudi, kinaziba. Ukinisogelea kunipa chakula. Ukilala. Kabati lilizidisha tu."

"Kwa nini hukusema?"

Alikwaruza ardhi kwa kidole cha mguu. Huyu ni mtu anayesimama mbele ya watoto kila siku na kueleza sehemu na desimali bila kukwama.

"Ningesemaje, mke wangu? Kwamba nyumba haina neno, ila ukiingia wewe sipumui?"

Nililia. Nililia kwa sauti, mbele ya mama mkwe, mbele ya dereva, karibu na kabati lenye nyuki. Nilijiona nikirudi kila jioni miaka yote ile, nimechoka, nimefurahi, nikining'iniza lile koti nyuma ya mlango wa chumba cha kulala, nikiinama kumshika paji la uso kwa mikono iliyopima thina, nikimuuliza kifua kikoje leo. Na yeye akisema si kibaya.

Kisha nikakasirika, na hasira ilinifaa kuliko machozi. Nikasimama. Nikamwambia nimelala juu ya mbegu za pamba masika yote. Nimeishi na mbwa wa kata nzima mlangoni. Nimekwangua ukuta wangu mwenyewe, nimeombewa kama kichaa, nimesimamishwa na askari barabarani, na wewe umekaa huku kwenye makochi yangu, unakula mayai, unajua!

"Nilidhani utachoka," akasema kwa unyonge.

"Mimi? Nichoke?"

"Hapo ndipo nilipokosea," akasema, na mama yake akacheka mpaka akashika ukuta.

Watu wakisikia habari hizi huniuliza kama nilifunga duka. Sikufunga. Mume wangu hakuniomba, na angeniomba tungegombana. Lakini koti sasa linalala dukani, halivuki kizingiti chake. Thina naipimia nje, upepo ukinipita, nimefunga barakoa na glovu, na wateja wanaotaka rangi isiyo na harufu nawapimia chokaa na udongo, nawafundisha kuchanganya rangi ya uji wa ulezi, na wengine wanarudi na shukrani. Nywele nilinyoa zote. Karibu na geti la nyumba nilijenga bafu la mabati, lenye ndoo, sabuni na msumari wa kutundika kanga safi. Naingia humo muuza rangi, natoka mke wa mtu. Jirani yangu wa ukuta amewaambia watu kwamba nimejiunga na dhehebu jipya. Kabati mama mkwe amekataa kulirudisha, na makochi pia amekataa, kwa hiyo nyumba yangu imebaki na viti vya ngozi, ambavyo hatimaye vimekauka, na godoro la pamba, ambalo tulilifumua tukatoa mbegu.

Alirudi siku ya Ijumaa. Nilipotoka dukani nilimwona kwa mbali amekaa barazani kwenye benchi, na sikumsalimia. Nilipitiliza bafuni. Nilijisugua mpaka ngozi ikawaka, nikajimwagia ndoo nzima na ya pili, nikasugua kucha moja moja, nikavaa kanga iliyofuliwa na kuanikwa juani. Kutoka bafuni mpaka barazani si mbali, lakini nilitembea polepole. Vitu vyote vilivyokuwa vikinuka nilikuwa nimevitoa. Kama angekohoa sasa, kilichobaki kutolewa ni mimi.

Nilisimama mbele yake, maji yananichuruzika shingoni.

"Ninuse," nikamwambia.

Alishika mikono yangu kwanza, akainusa viganja, akainusa katikati ya vidole. Akasimama. Akaninusa shingo, na sikio, na kichwa changu kilichonyolewa, akabaki hapo, pua yake utosini, akivuta hewa na kuitoa, akivuta na kuitoa, nami nimejizuia kupumua ili nisikie vizuri. Kisha akakaa tena kwenye benchi, akasogea pembeni, na akapiga mahali pale kwa kiganja ili nikae.